Jicho la Asanka na Fainali ya Jumapili

Shangazi Edith mpendwa,

Kwa miaka yangu sitini na mitatu naona haya kumwita mtu shangazi, lakini safu yako gazetini nimeisoma kila Ijumaa tangu mume wangu yu hai na sina mwingine wa kumwandikia, maana hapa Ormsclough, mji wetu mdogo, ukimnong'oneza mtu jambo sokoni saa nne, saa sita limeshafika klabuni, na hili langu ndilo hasa halitakiwi kufika klabuni.

Mimi ndiye ninayeandaa chai ya klabu yetu ya kriketi, kazi niliyoachiwa na mama mkwe, na mwanangu Neville ndiye kapteni. Kila mwaka klabu inaleta mchezaji mmoja wa kulipwa kutoka ng'ambo, kama wanavyofanya wote kwenye ligi yetu, na kwa kuwa nina chumba kitupu mgeni hukaa kwangu kuanzia Aprili hadi Septemba. Nimeshakaa na Mwaustralia aliyekula mayai sita kila asubuhi, na Mhindi aliyelia kwa baridi mwezi wa Mei hadi nikamfumia sweta, na wote niliwapenda, lakini huyu wa mwaka huu, Asanka, wa kule Matara, Sri Lanka, ameniingia moyoni kwa namna nyingine. Ana miaka thelathini na mmoja, mpole, anaosha sahani yake kabla sijainuka mezani, anapika dengu za nazi kwenye sufuria yangu ya jamu, na ananiita Anti.

Aprili na Mei alipiga mipira mpaka watu wakasahau bia zao. Halafu ikaja Juni. Siku moja akanimiminia chai, akaimwaga kando ya kikombe, tukacheka. Siku nyingine akakosea kukanyaga ngazi. Uwanjani alikuwa anadaka nyuma ya mpigaji, pale mpira unapokuja kasi kabisa, na Jumamosi moja akaangusha mipira mitatu, tena myepesi, mtu mmoja kwenye benchi akapaza sauti, "Ewe wa kulipwa, mikono umeisahau uwanja wa ndege?" watu wakacheka, naye akacheka nao. Wiki iliyofuata Neville akamhamisha, akampeleka mbali kabisa kwenye ukingo wa uwanja, hakueleza kitu, na nilipomuuliza akanijibu, "Mama, wewe angalia mikate yako," nami nikaangalia mikate yangu.

Sasa sikia. Mwezi wa saba nilitoka uani kuanika shuka nikamkuta Asanka amefunika jicho la kulia kwa kiganja, anarusha mpira kwenye ukuta wa banda la makaa na kujaribu kuudaka ukirudi, na kila ukirudi unampiga kifuani, anauokota, anarusha tena. Nikasema, "Asanka, mwanangu, unafanya nini?" Hakuruka wala hakudanganya. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni akaniambia yote. Mwezi wa pili, wakifanya mazoezi kwao, mpira ulimrukia ukampiga pembeni mwa jicho la kushoto, likavimba, likapona. Juni akaanza kuona vidoa kama nzi wanaoruka, halafu vimeme vidogo vya mwanga, na sasa kivuli kinapanda kutoka chini.

"Nikitazama kwa hilo jicho, Anti, ni kama mtu amenivutia pazia nusu."

"Basi mwambie Neville."

"Nikimwambia, Jumatatu niko kwenye ndege. Klabu haimleti mtu kutoka mbali kote kule ili akae kwenye kiti. Na kule nyumbani timu yangu imeshaniondoa. Kazi niliyo nayo ni hii. Niahidi hutasema."

Nikamwahidi, Shangazi. Nilikuwa bado nimeshika vibanio vya nguo mkononi, nikamwahidi.

Jumamosi iliyopita tulicheza na Haslow. Mchezaji wao wa kulipwa anaitwa Orville Gittens, Mbarbados, mrefu kama mlango wa kanisa, na hakuna anayerusha mpira kwa kasi kama yeye kwenye ligi nzima. Mimi nilikuwa ndani nakata nyanya. Sikuona, nilisikia tu: mpira ukigonga zile nondo za helmeti. Nilipotoka Asanka alikuwa amepiga magoti, na mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Gittens mwenyewe. Akainuka, akasema yuko salama, akaendelea. Wakati wa chai Gittens akaja mezani kwangu na sahani tupu, hakuchukua hata kipande, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wewe ndiye unayekaa na yule? Mwangalie. Mimi nikirusha ule, mtu ama anaukwepa ama anaupiga. Yeye alisimama tu. Hakuuona."

Na Jumapili hii ndiyo fainali ya kombe, hapa kwetu, na ni Haslow haohao. Mara ya mwisho Ormsclough kulichukua mume wangu alikuwa bado anavaa kaptura. Vibendera vimeshatundikwa barabara nzima. Neville wangu, tangu mkewe amwache, sijamwona na uso kama alio nao wiki hii, anapiga mluzi akitengeneza mabomba ya watu. Nikisema, nimemnyang'anya mwanangu fainali na nimevunja ahadi kwa mtu aliyeniamini. Nisiposema, nitakuwa nakata nyanya huku nikiisikilizia ile sauti. Asanka nimemsihi mara mbili, jibu lake ni moja: "Baada ya Jumapili, Anti. Jumatatu nakwenda hospitali, naapa." Je, siku sita ni nyingi? Nishauri, maana sijui tena nimtazame nani machoni.

Mama wa Chai, Ormsclough

*

Mama wa Chai,

Barua yako imenifikia Jumanne asubuhi. Siwezi kungoja Ijumaa, kwa hiyo majibu haya yanaondoka na posta ya leo, na gazeti litasubiri.

Umeuliza kama siku sita ni nyingi. Ni nyingi mno. Mimi si daktari, lakini nimempigia daktari kabla sijamaliza kikombe changu. Nilipofika kwenye vidoa, vimeme na pazia, alinikatiza: "Huyo mtu yuko wapi sasa hivi?" Nimemwambia yuko Ormsclough, anasubiri fainali. Sitaandika alichosema baada ya hapo. La muhimu ni hili: utando wa nyuma ya jicho unabanduka, na ukimaliza kubanduka haubembelezeki. Hata bila Gittens, jicho hilo linaweza kwenda akiwa amekaa mezani kwako anakula dengu.

Sasa hiyo ahadi. Mtu mzima akikuomba umfichie siri yake, unaficha. Akikuomba umtazame akipofuka, humtii. Uliahidi kwa huruma, nakuelewa. Lakini tuseme ukweli, wewe na mimi ambao sote tunakula peke yetu: hukunyamaza kwa ajili yake tu. Ulinyamaza pia kwa sababu ukisema ataondoka, na nyumba itarudi kuwa kimya. Si dhambi kumpenda mpangaji. Ila usiite woga wako uaminifu.

Na kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Mwanao ni kapteni. Amemtoa mdakaji wake bora mahali pa mdakaji bora, akampeleka ukingoni, hakueleza, na mama yake alipouliza akamfokea. Kapteni anayemwona mtu ameangusha mitatu humrudisha mazoezini. Huyu alimficha. Mama, unahangaika umwambie Neville au usimwambie. Mimi nadhani Neville anajua. Naomba niwe nimekosea, lakini muulize, na muulize akiwa amekaa.

Haya, fanya hivi. Barua hii ikifika Jumatano asubuhi, vaa koti. Ita teksi kwanza, halafu ndiyo umwambie Asanka, teksi ikiwa mlangoni. Usimuulize kama yuko tayari. Mpeleke hospitali ya macho mjini, kwa dharura, na useme maneno matatu: vidoa, vimeme, pazia. Njiani mwambie kwamba kufikia jioni amwambie kapteni kwa kinywa chake, la sivyo utasema wewe. Mkataba wake mpelekee mtu anayejua kusoma mikataba. Huenda mnaogopa bure, wewe na yeye. Na kamati ikitaka kumpandisha ndege, kasimame mbele yao. Umewalisha miaka mingapi? Waambie siku watakayomfukuza mtu kwa sababu ya jicho lake, mikate wajikatie wenyewe.

Usiruhusu kombe likae mbele ya jicho la mtu. Ondoka sasa. Ukirudi, niandikie.

Shangazi Edith

*

Mama wa Chai ameniandikia. Kwa ridhaa yake, ya Asanka na ya Neville, nachapa barua yake ya pili kama ilivyo, na majina yao nimeyaacha yalivyo.

Shangazi Edith,

Teksi ilifika kabla chai haijapoa. Asanka alinitazama, akatazama dirishani, akaelewa. "Anti, uliahidi."

"Niliahidi. Sasa nimevunja. Vaa viatu."

Njiani nilimwambia kufikia jioni Neville asikie kwa kinywa chake, la sivyo nitasema mimi. Daktari alimtazama dakika mbili, akaniuliza mimi kwa nini tumechelewa. Wakampasua kesho yake asubuhi. Wanasema wameuwahi ule utando, ila itachukua miezi kujua ataona kiasi gani, na suala la kusimama tena mbele ya mpira wa kasi hawakutaka kulizungumzia.

Jumatano ileile jioni Asanka alimpigia Neville simu kutoka wodini. Sijui waliambiana nini. Neville akaja kwangu moja kwa moja, nami nikafanya ulivyosema, nikangoja akae.

"Ulijua?"

Akazungusha kofia yake mezani. "Tangu wiki ya pili ya Juni. Nilimwona akifunika jicho kusoma ubao wa alama. Nikasema nikimweka mbali atakuwa salama. Nilitaka kumwambia, Mama, kila wiki nilitaka. Halafu tukaingia fainali."

"Na Gittens je?"

"Nilijua Gittens atakuwepo."

Nimemzaa mimi, Shangazi. Nilimwambia aende kwake. Akaenda.

Ijumaa kamati ilikutana. Mmoja wao, sitamtaja, alisema mgonjwa ni mgonjwa, arudi kwao. Nilivua aproni nikaiweka juu ya meza katikati ya karatasi zao. Lakini aliyewageuza si mimi, ni Neville. Alisimama akawaambia yote, tangu Juni, bila kujitetea, akasema anacheza Jumapili kwa sababu timu imepungua, na Jumatatu watafute kapteni mwingine. Wakakubaliana Asanka abaki hadi Septemba kwa mkataba uleule, afundishe wapigaji akipata nafuu.

Fainali tulishindwa kwa alama kumi na moja. Neville alipata alama arobaini na nane, kisha mpira wa Gittens ukamtoa mchezoni. Watu walimpigia makofi akitoka, hakuinua gongo kuwaitikia.

Asanka amerudi kwangu. Wamemwamuru akae ameinamisha uso wiki nzima ili utando ushike, kwa hiyo tunaongea yeye akitazama sakafu, na mara nne kwa siku anainua uso atiwe dawa. Mimi siwezi. Vidole vyangu vina baridi yabisi na kichupa ni kidogo kama kidole cha mtoto. Siku ya kwanza nililia tu nikakiweka mezani.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kazi, Neville alisimama mlangoni na nguo zake za kazi ya mabomba. Hakuingia. Alisema "Habari za asubuhi" kama mtu wa posta. Asanka, uso ukiwa bado sakafuni, akasema, "Kapteni, ni wewe?"

"Mimi si kapteni tena."

"Sawa. Nawa mikono. Ni matone mawili, si matatu."

Neville alinawa kwenye sinki langu kwa sabuni, hadi viwikoni, akarudia. Akapiga goti mbele ya kiti, Asanka akainua uso. Tone la kwanza lilidondokea shavuni. Asanka akapapasa, akamshika kifundo cha mkono, akamsogeza taratibu.

"Juu kidogo," akasema. "Hapo. Sasa."