Jina la Atakayenipikia Hospitalini

Mama yangu mpenzi,

Amani iwe nanyi nyote huko Kamina. Mguu wako unaendeleaje, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamekomaa? Mimi huku Lubumbashi nipo, ila naandika kwa haya, na karatasi mbili nimeshazichana.

Ugonjwa wangu umepata jina. Unakumbuka nilivyokonda huku nakula kuliko wanaume, mikono ikitetemeka, moyo ukienda mbio hata nikiwa nimekaa? Daktari alinipiga picha ya shingo, akaniambia, "Mama, hapa hapana bulozi. Ni ka-boule kamoya mu shingo, njo kanatumika kupita kipimo." Kinundu hicho kinamwaga homoni nyingi mno mwilini, basi.

Njia ni tatu. Kuna vidonge, lakini nikiviacha kinaanza tena. Kuna dawa ya mionzi ya kunywa, inakiunguza, ila hapa haipatikani, mpaka kuvuka mpaka. Na kuna kupasuliwa. Nimechagua kupasuliwa, baada ya vidonge kuutuliza moyo.

Sasa lile linalonichoma. Ni mimi niliyemtaja mama mdogo Ngoie, ndugu yako wa tumbo moja, kule kwenye maombi, kuwa ndiye mlozi aliyeniroga. Mchungaji aliuliza nani ananipikia, nikasema ni yeye. Nikaimwaga sombe yake ya majani ya mihogo uani, watu wakitazama. Aliokota sahani yake, akasema tu, "Numbi, minyi njo nilikubebaka ku mugongo." Nawe ukaacha kumsalimia kwa ajili yangu. Hakuwa na kosa lolote, Mama. Naona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Usimwambie pembeni. Nilimtaja mbele ya watu, basi barua hii isomwe mbele ya watu wale wale. Kaka Kasongo aisome kwa sauti, asiruke mahali.

Nisalimie baba, Kasongo mwenyewe na wenzake wa reli, na bibi wa Kaniama akija.

Jambo la mwisho. Hospitali haipiki. Kila mgonjwa aje na garde-malade wa kumpikia na kumfulia, na waliniuliza jina. Ningeweza kukutaja wewe, au dada zangu. Niliandika Ngoie. Sina haki ya kumwomba, na asipokuja nitaelewa. Akija, apike sombe. Nitaila yote, wodi nzima ikitazama.

Mwanao aliyekosa,
Numbi