Swala wa Eeddo Maka

Kotile, Ijara
Jumapili, baada ya alasiri

Mpendwa Wilkister,

Salamu nyingi, na natumaini zinakukuta mzima huko Bungoma, wewe na mama, na kaka yako aliyekuwa akisumbuliwa na jino. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Mvua imenyesha, mbuzi wananenepa, na mbu nao hawakubaki nyuma. Ningekupigia simu, lakini najua ungecheka kabla sijafika mwisho, na mwisho ndio ulionikosesha raha. Basi soma polepole.

Unaukumbuka ule upinde wetu wa kulenga shabaha chuoni, ambao wewe ulinionya nisije nao huku? Umepata kazi. Walinzi wa hifadhi yetu waliona swala twiga jike mwenye mtego wa waya kwenye mguu wa nyuma, umekata nyama hadi mfupa. Hashikiki mpaka alazwe kwa dawa ya usingizi, na bunduki ya kurushia sindano hatunayo. Hata tungekuwa nayo, huku bunduki yoyote ikionekana huleta askari kwanza. Nikaomba nifunge sindano kwenye mshale. Mkubwa wangu wa ofisi ya mifugo alikubali shingo upande: nijaribu mara moja, na mnyama akifa, upinde utafungiwa stoo nami nitarudi kuchanja kuku. Unanijua. Usingizi uliniruka.

Nilitoka na Dagane, mlinzi wa umri wa baba yangu, mtu anayetania hata akiwa amefunga. Aliutazama upinde, akaniuliza kama baba, mzee Warsame kule Habaswein, anajua kwamba ngamia aliowauza kwa karo yangu walizaa mwindaji. Nikamwambia hajui, na asithubutu kumwambia.

Tulimkuta swala akila majani ya mgunga. Swala twiga husimama wima kwa miguu ya nyuma, lakini huyu alisimama kwa mmoja tu, ule mzima, shingo imenyooka, akitetemeka. Nilitaka kulia. Nikasema bismillahi, nikaachia. Mshale ulimpata pajani, akaruka, akapotea.

Wewe ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nakueleza: swala akilala ubavu kwa dawa ile, tumbo hujaa hewa na pumzi humbana. Tukichelewa, hatauawa na waya, bali na mimi. Dagane alishika nyayo. Kwato tatu zilikanyaga, ya nne ilichora mstari mchangani, na hapa na pale palikuwa na tone la damu kwenye jani. Halafu, kwenye njia ya kwenda dimbwini, tukafika mahali ambapo kundi la mbuzi lilikuwa limepita na kufuta kila kitu. Dagane alizunguka mahali hapo mara mbili, ameinama. Mwishowe alisema mnyama mwenye usingizi hufuata wenzake, kama yeye mwenyewe anavyofuata watu msikitini alfajiri, na akaniambia tuwafuate mbuzi. Nilivua ndara, nikakusanya baibui mkononi, nikakimbia.

Swala alikuwa amelala katikati ya mbuzi, macho wazi, ulimi nje. Mwenye mbuzi, eeddo Maka (eeddo ni shangazi, ndivyo tunavyowaita wanawake wa umri wake), alikuwa amekwisha kumgeuza kichwa kuelekea kibla, na kisu kilikuwa nje ya ala. Usidhani ni uroho. Kwetu mnyama anayekata roho mbele yako huchinjwa upesi, riziki isiharibike. Ningekuwa binti yake, ningemshikia miguu.

Nilikuwa mbali, mkono wangu usingeufikia wake. Nilipaza sauti nikasema sentensi moja, ambayo nitairudia baadaye kwa sababu inanitia haya. Maka akashusha kisu. Nilimweka swala kifudifudi, Dagane akamwinua kichwa, nikakata waya, nikaosha jeraha, nikampiga sindano ya kumzindua. Punde sikio likacheza. Akasimama, akatutazama kama tuliomkatiza usingizi, akaenda zake. Binti mmoja wa Maka alimwaga maziwa yote aliyobeba. Maka aliketi chini.

Tangu siku hiyo sina amani. Kaaha, anayeuza chai karibu na ofisi, ananiita daktari wa kiyama. Juzi mzee mmoja aliniletea kuku aliyekwisha kukauka, akaniomba nijaribu tu.

Sasa ile sentensi. Nilisema, “Eeddo, usichinje, ameshakufa, ni bakhti.” Bakhti ni kibudu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, haramu kuliwa. Nilijua yu hai. Nilijua pia kwamba ningesema serikali imekataza, angejibu serikali ingoje. Ni neno hilo tu lingemzuia. Nilipokuwa naosha jeraha aliniuliza kwa nini naosha mzoga, kwani marehemu alikuwa Muislamu? Hata hapo sikusema kweli. Nilichukua imani yake na shahada yangu, nikamdanganya kwa vyote viwili, na watu wananisifu.

Ijumaa nilikwenda kwake na Dagane, na mbuzi, kwa sababu kwetu aliyemvunjia mkubwa heshima haendi mikono mitupu. Nilimweleza mbele ya binti zake bila kuinua macho. Maka alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba swala aliposimama, yeye aliwaza mambo mawili: ama Mungu amefufua maiti, ama binti Warsame ni mwongo. “Nikaomba uwe mwongo, mwanangu,” alisema, “kwa maana kama kiyama kimeanza, sijakamua ng'ombe.”

Alipokea mbuzi. Dagane akamlaza, naye mbuzi akilia hadi masikio yakauma. Maka alichomoa kisu, akasita, akaniita.

“Daktari, tuambie kwanza. Huyu yu hai, au ni bakhti?”

Nikasema yu hai, eeddo. Akaniuliza kama nina hakika. Dagane alicheka mpaka mbuzi akamponyoka, tukaanza kufuata nyayo upya.

Nisalimie mama, na mwambie kaka yako ang'oe jino hilo. Jana swala alionekana karibu na dimbwi, anachechemea, lakini alipofika kwenye mgunga alisimama kwa miguu yote miwili. Upinde umebaki nami.

Akupendaye,
Ramlo Warsame