Mara Tano Alisema Hajambo

Shangazi Kemirembe, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila Jumamosi nikimenya ndizi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mimi niliyeshika kalamu, lakini nimefika mahali ambapo sina mtu wa kumweleza, kwa hiyo naomba unisaidie na jina langu usilitaje.

Nina miaka thelathini na minne, naishi Kibingo huku Kyerwa, na ni katibu wa kikundi chetu cha kutembelea wazee wanaoishi peke yao. Tulikuwa tunakwenda kwa miguu, mimi na wenzangu sita, tunapita kwenye migomba asubuhi ukungu ukiwa bado umelala bondeni, tunawatekea maji, tunafagia, tunakaa nao, na nikuambie ukweli Shangazi, mimi ni mtu wa ndoto za mchana tangu utotoni, mama alikuwa akinituma kuni narudi na maua, kwa hiyo ile kazi ya kwenda polepole nyumba hadi nyumba ilinifaa kuliko kazi yoyote.

Mwaka jana likaja tangazo la shirika linalotoa ruzuku kwa vikundi kama chetu ili tuhamie kwenye kazi za kidijitali, na mwenyekiti wetu Mzee Mutalemwa akasema, "Andika wewe, wewe ndiye unayeota." Nikaandika. Niliandika kwamba kila mzee apewe simu ndogo, sisi tupate kishikwambi, na badala ya kuzunguka vilima wiki mbili tutawapigia wote kwa siku moja. Tukapata. Nikaenda Kayanga kwenye mafunzo siku nne, nikawa nalala kwa dada yangu anayeishi Bugene, nikarudi na kishikwambi nimekifunga kwenye khanga mgongoni, watu wakanipongeza wakidhani nimejifungua.

Sasa kinavyofanya kazi ni hivi, kila mzee ana doa lake kwenye ramani, ukimpigia akasema hajambo unabonyeza doa linakuwa la kijani, akisema anaumwa linakuwa jekundu na mmoja wetu anakwenda. Shangazi, sijui nikuelezeje. Nilikuwa nakaa barazani alasiri, nyuki wako kwenye maua ya mibuni, ramani iko mapajani inabadilika doa baada ya doa, na mimi nikawa naona kama vilima vyote vinapumua vizuri kwa sababu yangu, nasahau hata sufuria jikoni. Wiki tano mfululizo ramani nzima ilikuwa kijani. Mfadhili akatuandikia kwamba hajawahi kuona kikundi kilichojifunza haraka hivyo, na mimi ile barua pepe niliisoma mpaka nikaikariri.

Kati ya wazee hao kuna Bibi Anonciata, alitoka Burundi akiwa msichana kuja kuvuna kahawa, akazeekea hapa, hana mtoto. Kila wiki nilimpigia nikamuuliza habari zake, naye akajibu, "Ni amahoro mwanangu, mimi mzima, watoto wako hawajambo?" Nikabonyeza kijani. Wiki ya tano Celestin, kibarua anayemchumia kahawa, akasikia harufu mlangoni, akaingia, akamkuta mguu umevimba hadi gotini kwa kidonda cha jembe. Majirani wakambeba kwenye machela hadi barabarani, akapelekwa hospitali, simu yake mkononi. Daktari anasema vidole viwili haviwezi kupona, na mguu wenyewe bado wanauangalia.

Na mimi nilijua, Shangazi, hapo ndipo panaponiumiza. Nimezaliwa huku, najua kwamba mtu wa kwetu ukimuuliza habari atajibu nzuri hata kama nyumba inaungua, kwamba lazima ukaribishwe, utafune punje za kahawa, muongelee mvua, muongelee migomba iliyoanguka, na ni pale unapoinuka kuaga, mguu mmoja uko nje, ndipo anasema, "Ila na huu mguu wangu, sijui umekuwaje." Miaka sita nimeyasikia magonjwa yote mlangoni, nikiwa nimesimama. Kwenye simu hakuna kuinuka. Nilikuwa nasema haya Bibi, kwa heri, nakata, kwa sababu kulikuwa na wengine arobaini wanaosubiri kuwa kijani.

Jumatano ijayo wageni wa mfadhili wanakuja, wanataka niwaonyeshe ramani, na kuna ruzuku ya pili ya kupeleka mpango huu kata nyingine tatu. Mzee Mutalemwa ameniambia, "Bibi mwenyewe alisema mzima, wewe ungebonyeza nini? Ukianza kujieleza mbele ya wageni utatuulia kikundi." Bibi ana siku ya tisa hospitalini na mimi sijaenda wala sijampigia. Nikijilaza kidogo baada ya chakula cha mchana naota niko shambani, simu zinaita kila mahali, ndani ya majani ya migomba, ndani ya mashina, na mimi nazipita natabasamu. Barua ya kujiuzulu nimeshaiandika. Shangazi, nijiuzulu taratibu, ninyamaze, au niseme kikundi kife?

Mimi Mwenye Kujilaumu, Kibingo.

SHANGAZI KEMIREMBE ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikasikitika, na nikakasirika pia, kwa hiyo tuanze na hasira ili tumalizane nayo.

Hiyo barua ya kujiuzulu ichane leo. Hapo unakimbia, umevaa tu nguo za heshima. Ukiondoka wewe, kishikwambi atapewa mwingine, naye atakaa barazani abonyeze kijani kama ulivyobonyeza, kwa sababu wewe ndiye pekee katika kikundi chenu unayejua kosa liko wapi. Unataka kuondoka nalo uende nalo wapi?

Hukuiba na hukudanganya. Ulichofanya ni kuandika mpango kana kwamba wazee wa Kibingo ni watu wa kulalamika wakiulizwa mara moja. Desturi uliyonieleza vizuri hivi kwenye barua, kwa nini hukumweleza mfadhili? Yeye angeijuaje? Mama yangu mzazi aliumwa jino mwezi mzima tukila naye sahani moja, na nilijua siku nilipokuwa nafunga begi kuondoka. Sote tunawajua wazee wetu. Wewe ramani ilikupendeza mno, ukapenda kuitazama kuliko kwenda. Kuota si kosa, ndoto zako ndizo zilizoleta hizo simu, na simu zenyewe ni kitu kizuri.

Mzee Mutalemwa umheshimu, lakini katika hili usimsikilize. Kikundi hakitakufa Jumatano kwa sababu umesema kweli. Kitakufa siku wageni watakapooneshwa doa la kijani juu ya kaburi, na siku hiyo hata wewe hutaweza kujitetea.

Kwa hiyo Jumatano uanze wewe kusema, kabla hujawasha hicho kishikwambi. Waeleze kilichompata Bibi na kwa nini. Waambie simu zibaki kwa kazi zinazoziweza, kujua nani ameishiwa dawa, nani hana maji, nani aende kwa nani kesho, lakini doa lisigeuke kijani mpaka mmoja wenu amefika, amekaa, na ameaga. Kishikwambi kikae kwenye mfuko mpaka muwe nje ya uzio, maana hakuna mzee atakayekueleza aibu ya mwili wake huku unaandika. Na hiyo ruzuku ya pili iombeni iwe ya nauli za bodaboda na mabuti ya mvua, muiombe kwa kata moja, siyo tatu. Wakikataa, msiipokee. Mlikuwa mnakwenda kwa miguu kabla yao.

Hayo ni ya Jumatano. Kuna la kesho asubuhi, na hili sikushauri, nakuagiza. Panda bodaboda uende hospitali. Najua unachoogopa, unadhani Bibi Anonciata amelala pale anakulaumu. Binti yangu, fikiri kidogo. Mama huyu hana mtoto, hana ndugu huku, na simu uliyompa inaita mara moja tu kwa wiki, na anayepiga ni wewe. Sasa amelala na kile kisimu pembeni ya mto, siku tisa hakijaita. Yeye hajui habari za ramani wala mfadhili. Anachojua ni kwamba aliumwa, na tangu siku hiyo ukaacha kumpigia. Nakuapia anajiuliza amekukosea nini.