Wanywe Kwanza

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Mazoezi saa tisa kama kawaida. Jua kali, mvua bado. Kwenda na kurudi kando ya ziwa, Nyegezi. Maji marufuku mpaka tumalize. Mwenye kiu anasukutua, anatema. Ndivyo na mimi nilivyofundishwa: maji yanajaza tumbo, yanakata pumzi. Kabula wa darasa la saba, mkimbiaji wangu bora, nimemkuta nyuma ya mawe anakunywa ya ziwani kwa kiganja. Nikamchapa mbele ya wenzake. Hakulia.

Jumatano, 4 Septemba
Kabula kaanguka. Leo hakugusa maji, aliniogopa. Alipoanza kuyumba nikadhani uvivu. Nikamfokea akaze mwendo. Akaenda chini kifudifudi. Ngozi ya moto, midomo imepasuka. Nimembeba mgongoni mpaka zahanati. Nesi akauliza kanywa maji saa ngapi. Nikasema sijui. Uongo. Nilijua.

Alhamisi, 5 Septemba
Anaendelea vizuri. Nesi kanielekeza: wanywe kabla, katikati na baada. Kidogo kidogo, hata bila kiu. Yawe yamechemshwa, ya ziwani yana kichocho. Miaka yote hii nimefundisha ujinga kwa sauti kubwa.

Nimekwenda kwa mama yake, anakaanga dagaa stendi. Hakuzunguka maneno.

"Mwalimu, mimi nilikupa mtoto, sikukupa baiskeli."

Nikaomba msamaha. Akageuza dagaa.

"Mimi hukunichapa. Kaseme palepale ulipomchapia, mbele ya wenzake. La sivyo hakimbii tena."

Mashindano ya wilaya Jumamosi ya wiki ijayo.

Ijumaa, 6 Septemba
Sikusema. Watoto wote mstarini, mdomo mzito. Mwalimu hamwombi mwanafunzi radhi, ndivyo tunavyojidanganya. Woga tu.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimesema. Asubuhi mbele ya shule nzima, halafu jioni tena kule ziwani. Kabula hakukosa, nilikosa mimi. Mwalimu mkuu kanuna, eti nimewashushia walimu heshima. Anune.

Kabula kaja mazoezini. "Shikamoo mwalimu." Nikaitika marahaba.

Ndoo ya maji ya kuchemsha kivulini, vikombe vya plastiki. Kila mzunguko wanasimama, wanakunywa. Mwalimu wa michezo wa shule jirani kapita na baiskeli. "Bwana we, unafundisha mbio au unafuga bata?"

Watoto wakacheka. Kabula akamjibu, "Njoo Jumamosi mwalimu, uone bata wanavyokimbia."

Utovu wa adabu. Nikajifanya sikusikia. Moyoni raha.

Jumamosi, 14 Septemba
Joto la kuchoma. Kabula kawa wa pili, mita elfu moja na mia tano. Kazidiwa hatua chache na binti wa Buswelu. Wangu wote wamemaliza kwa miguu yao.

Mkimbiaji wa yule mwalimu wa bata kamaliza anapepesuka. Kabla sijainuka, Kabula keshamkalisha kivulini, kamshikia kikombe. "Kidogo kidogo, usigugumie." Mwalimu wake kasimama pembeni.

Nimewahi kushinda makombe. Sikuwahi kujivunia mtoto namna hii. Najua pia sistahili sifa yake hata kidogo.

Jumapili, 15 Septemba
Baada ya misa nimepita stendi. Kabula alikuwa anamsaidia mama yake kupepea moto. Mama kaniuliza kesho mazoezi saa ngapi. Nikasema nimeyasogeza mpaka saa kumi na moja, jua likishapoa.

"Haya," akasema. "Atakuja."