Mtumwa wa Nyuma ya Picha

Mjukuu wangu Rehema,

Kichwa changu kinayashinda makabati yote ya chuo chenu, tena bila kufuli. Hapa Ngombezi tu wazima, bibi yako anakusalimu.

Unauliza kwa nini, kati ya barua, kanda na kadi za wakata mkonge mnazohifadhi, picha ya baba yangu na mwenzake imeandikwa nyuma: “Kulia, mtumwa wake.” Hata mimi nilichanganyikiwa. Mtumwa gani? Kumbe maneno ni yangu! Nikiwa kijana, mtafiti aliniuliza, akimwonyesha yule wa kulia, “Huyu nani?” Nikajibu, “Huyo? Mtumwa wetu!” Yeye Mnyamwezi, sisi Wazigua, ni utani wa makabila tu. Naye aliniita mtumwa wake kila asubuhi. Mgeni akaandika, nami nikacheka.

Futeni, mjukuu wangu. Lakini muandike nani? Tulimwita Mtani. Jina lake sikuwahi kumuuliza.

Babu yako