Kidari Ni cha Anayeongoza Ligi

Kijijini, nje kidogo ya Wasso
Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba uipokee ukiwa umeketi, maana barua hii imebeba heshima zangu zote pamoja na ugomvi kidogo. Goti lako linaendeleaje? Shemeji ameniambia umeanza tena kupanda kwa miguu mpaka shamba la juu, na kwamba dawa ya kuchua niliyokutumia hujaifungua. Ifungue, Baba. Huku watu wanatembea nusu siku kuja zahanati kunisikiliza mimi, muuguzi wao, ila nyumbani kwetu Qurus neno langu halina uzito. Mvua imewafikia? Na yule ng'ombe mweusi ameshazaa?

Mimi ni mzima. Upepo wa huku bado haujanizoea, nami bado sijauzoea. Wiki iliyopita tulikwenda kuchanja watoto kwenye maboma ya mbali, pikipiki ikazama kwenye tope hadi tukaiacha. Mimi na Mama Nasieku, mhudumu wa zahanati yetu, tukavuka korongo kwa miguu na boksi la chanjo kichwani. Tulichanja watoto wote, tukarudi na maziwa ya kutosha kuoga. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi nami, nakula vizuri na nalala vizuri.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa mkono wakati simu ipo. Ni kwa sababu wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa, na nyumba nzima inasikia, kuanzia kaka Paskali mpaka jirani aliyekuja kuazima jembe. Jambo hili nataka ulisikie peke yako kwanza. Konda wa basi atamwachia barua mama wa duka la mbegu pale stendi ya Karatu, naye ameahidi kuifikisha mikononi mwako.

Jambo lenyewe ni kidari.

Unakumbuka mwezi wa nane, tulipokuwa tunavuna mbaazi, Paskali akaja na ile habari ya fantasi, mchezo wa kupanga kikosi cha mpira kwenye simu. Akatuandikisha watu watano: wewe, yeye, Emanueli, shemeji na mimi. Mimi aliniingiza ili apatikane wa kushika mkia, alisema hivyo mwenyewe mbele yangu huku akicheka. Halafu akatamka, na wewe ulikuwepo, kwamba atakayekuwa anaongoza ligi yetu siku ya Krismasi, kidari cha mbuzi ni chake. Hakusema mwanamume atakayeongoza. Alisema atakayeongoza. Nyote mkaitikia, na wewe ukapiga goti kwa kiganja kama unavyofanya ukikubali jambo.

Sasa ninaongoza. Nimempita Paskali kwa pointi kumi na moja, na imebaki Jumamosi moja tu kabla ya Krismasi. Jana usiku akanitumia ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa tamu kweli. Anasema ushindi ni wangu, hanidhulumu, ila kidari tangu zamani kwetu kinaliwa na wanaume kule nje, hivyo kitakwenda kwa wa pili, ambaye kwa bahati ni yeye. Mimi nitanunuliwa kitenge.

Baba, vitenge ninavyo.

Naomba nikukumbushe nimefikaje hapa, maana nasikia huko nyumbani kuna maneno kwamba kuna mwanamume ananipangia kikosi. Hakuna. Aliyenifundisha mpira ni wewe. Kina kaka wakiwa machungani, mimi nilibaki nawe Jumamosi tunapukuchua mahindi, redio juu ya gunia, na kila likifungwa bao uliniambia niweke punje pembeni, huku za timu yetu na kule za wapinzani. Nilijua kuhesabu mabao ya Uingereza kabla sijajua kuandika jina langu. Paskali alikuja kuujua mpira ukubwani, kwenye kibanda umiza cha kuonyesha mpira kule Karatu, ndiyo maana anaupenda kama mtu aliyeokoka jana.

Tatizo lake ni hilo hilo, mapenzi. Anachagua wachezaji wa timu yake nyekundu tu, na mchezaji wa mahasimu wao hamgusi hata kama anafunga kila wiki. Emanueli anachagua wenye majina makubwa. Shemeji anachagua halafu anasahau kwamba alichagua. Na wewe, Baba yangu, naomba radhi kusema, una yule beki aliyeumia goti tangu mbaazi, ana alama nyekundu, hajagusa mpira, na bado unaye kikosini. Nilipokuuliza kwa nini humtoi ukasema hajafanya kosa lolote. Ndiyo maana mkia umeushika wewe, na mimi nakupenda hivyo hivyo.

Mimi nina moyo, lakini kikosi changu hakina. Natafuta makipa na mabeki wa timu ambazo hakuna anayezitaja, timu zinazocheza vibaya na hazifungwi. Kila Jumamosi kabla ya saa nane mchana, kabla kikosi hakijafungwa, napanda kilima kilicho nyuma ya zahanati, kwa sababu mtandao unapatikana pale juu tu, karibu na jiwe moja, na ukisogea hatua mbili unapotea. Mama Nasieku alinifuata siku moja akitaka kujua nasali dini gani pale. Nikamweleza kwamba nachagua wachezaji kumi na watano wa kweli, wakicheza vizuri kule kwao, mimi napata pointi huku.

Akawaza. "Kwa hiyo unachunga ng'ombe wa watu."

"Ndiyo."

"Na mwenyewe hajui kama unawachunga."

"Hajui kabisa."

"Na maziwa?"

"Maziwa ndiyo hizo pointi."

Akaangalia picha za wachezaji wangu mmoja mmoja kama anavyowaangalia mitamba mnadani, akasema kipa wangu ana macho ya mtu anayelala mapema, nisimuuze. Sikumuuza. Na huyo kipa ndiye aliyenipandisha juu ya Paskali, Jumamosi ya jana, na yaliyotokea nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa wengine.

Timu yetu, yako na yangu, ilikuwa inacheza na timu ya huyo kipa. Nilikuwa sina zamu, nikapanda pikipiki mpaka Wasso kwenye kibanda umiza. Kijana wa mlangoni akaniziba njia. "Dada, leo hakuna tamthilia. Ni mpira."

"Ndiyo nilichofuata," nikamwambia, nikalipa, nikaenda kukaa benchi la mbele kabisa ili kila mtu anione vizuri.

Dakika za mwisho, bado hakuna bao, timu yetu ikapata penalti. Kibanda kizima kikasimama. Baba, nilipata tabu. Ni timu tuliyoihesabia punje, na kipa ni wangu. Mpigaji akapiga kushoto, kipa akaudaka, na nilipokuja kujitambua nilikuwa nimesimama peke yangu, mikono juu, na wanaume zaidi ya thelathini wananitazama.

Mzee mmoja mwenye shuka akaniuliza kwa upole sana, "Mama, wewe hasa ni wa upande gani?"

"Moyo wangu uko na waliokosa," nikasema. "Ila kipa ni wangu."

"Huo ni usaliti," akasema mwingine kutoka nyuma.

"Ni pointi kumi na tano," nikamjibu, nikakaa.

Nilisikitika kidogo njiani, sikufichi. Lakini nilipofika kwenye jiwe langu na kuona jina langu juu na la Paskali chini yake, sikitiko likaisha lote. Na kama kuna mtu Karatu amekwisha kukuambia kwamba binti yako alishangilia timu yetu kukosa penalti, mwambie ni kweli, na mwambie pia nani anaongoza.

Sasa raundi ya mwisho ni Jumamosi ijayo. Shemeji amenishauri nimwige Paskali, nimweke kapteni, ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili, yule mshambuliaji wake mwekundu, ili akipata pointi tupate wote na asinifikie. Ni ushauri wa mtu mwenye akili, na nimeukataa. Nikifika mwisho kwa kumwiga Paskali, watasema nimeshinda kwa kichwa cha Paskali, na hapo kitenge ndicho kitakachonistahili. Nimemweka kapteni wangu mwenyewe, yule kiungo anayepiga penalti za timu yake, anacheza nyumbani na timu dhaifu. Nikianguka, nimeanguka kwa akili yangu, na nitawapikia na kuwapakulia bila kununa. Nikishinda sitaki huruma wala fidia. Nitafika mkesha wa Krismasi, zamu zangu zimekwisha kupangwa.

Wewe ndiye unayeshika kisu, Baba. Paskali anaweza kusema lolote kwenye simu, lakini yeye hakati nyama ya nyumba yako. Kanuni aliyoitamka mwenyewe kabla ya mpira kuanza haibadilishwi mpira ukiwa unachezwa kwa sababu tu anafungwa. Kama angekuwa anaongoza Emanueli, pangekuwa na maneno? Ungenijibu hapana, kwa hiyo nakujibia mimi: hapana.

Nisalimie kaka Emanueli na mwambie majina makubwa hayafungi yakiwa benchi. Msalimie dada Martha na mume wake, shemeji yangu mwenye ushauri mzuri. Msalimie bibi mzaa mama, namletea ugoro wake, asimwambie mtu. Msalimie na Paskali, kwa dhati kabisa, ni kaka yangu na alinifundisha kupanda baiskeli. Mwambie kitenge hicho akampe mke wake.

Aayo, mama yangu, usimpe salamu, nitampa mwenyewe. Ila kuna jambo nataka ulijue kabla hujakinoa kile chuma chako. Mimi kidari sikipendi. Kina mafuta mengi, tumbo langu halikiwezi, na wewe unajua tangu utoto wangu nachagua mbavu. Krismasi iliyopita nilikuwa jikoni na Aayo anakichoma, jasho linamtiririka, nikamuuliza kina ladha gani. Akasema hajui, anaijua harufu yake tu. Amekichoma tangu mlipooana, Baba, na hajui ladha yake. Alisema bila kinyongo, akaniambia nikipeleke nje kabla hakijapoa, na mimi nikakipeleka. Nimeona aibu mwaka mzima kwa kukipeleka.

Kwa hiyo safari hii ukikikata, kipeleke jikoni mwenyewe, na goti lako hilo hilo. Tutafunga mlango, Aayo atakaa chini, na atakula mpaka aseme ameshiba. Na kama yuko mwanamume atakayetaka kuonja, apige hodi.

Mimi binti yako ninayekuheshimu, na ninayeongoza,

Paskalina