Unga Uliokataa Kuumuka

Jumapili jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile ya Julai ya Eldoret inayomfanya mtu aahirishe kuoga akijidanganya kwamba jua litatoka. Halikutoka. Nimekaa kitandani na soksi mbili kila mguu, mikono bado inanukia vanila, na moyo umejaa. Acha niandike kabla usingizi haujanichukua.

Dada yangu ana nyumba.

Nimeuweka mstari huo peke yake ili niuone unavyokaa. Unakaa vizuri. Si nyumba ya kupanga, si ya kazi, si chumba cha kuazimwa na shangazi. Ni nyumba ya mawe, ya vyumba vitatu, nje kidogo ya mji ukielekea Chepkoilel, ina mparachichi nyuma na geti la kijani linalolia ukilifungua. Nanjala ni mwalimu wa hesabu. Ni kitindamimba wetu, na bado ninaweza kukuonyesha kovu aliloniachia kwa mwiko siku niliyomnyima kulamba bakuli la keki. Ndiye huyo sasa ana hati yenye jina lake.

Mimi napanga Langas. Mchana niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo, jioni na wikendi naoka keki za watu. Aliponiambia mara ya kwanza kwamba anatafuta nyumba, kitu kidogo kilinichoma chini ya mbavu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Nakiri. Kilinikaa kama siku mbili hivi, halafu akanipigia simu kuniuliza kama jiko lenye dirisha dogo linafaa kwa kuoka, na kile kitu kikaondoka zake. Tangu hapo naringa kuliko yeye mwenyewe. Watu wanakuja kununua dawa ya kupe wanaondoka wakijua rangi ya taili za dada yangu.

Siku ya kwenda kuiona alinichukua tukaenda wote. Mwenye kuuza alikuwa mzee mpole, koti na kofia ya sufu, na alinisalimia mimi kwa mikono yote miwili. Tangi la maji akanionyesha mimi. Bomba la maji machafu linapita wapi, akanieleza mimi. Nanjala alikuwa nyuma yetu akigonga kuta na kuandika kwenye simu, nami natikisa kichwa kama mtu anayejua mabomba. Mwishowe mzee akaniuliza bei nimeionaje. Nanjala akamjibu bila hata kuinua macho.

"Mzee, huyu ni kaka yangu, amekuja kuangalia jiko. Bei tutaongea mimi na wewe."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Akaomba msamaha, akasema yeye pia ana wasichana, na kuanzia hapo akazungumza na mtu anayestahili. Ila tusimcheke yeye peke yake. Mama yetu mwenyewe alikuwa na shida hiyo hiyo, na yake haikuisha kwa kicheko.

Kwetu mama halali kwa binti yake aliyeolewa. Pale ni kwa mkwe. Unafika mchana, unakula ukiwa umejikunyata kwenye kochi, na unaondoka jua likiwa bado juu. Hilo nimelikuta na sina ugomvi nalo. Lakini Nanjala hajaolewa. Alimwambia Mama kuna chumba chake, kina kitanda na kabati, na Mama akajibu atakuja kuiona nyumba ila kulala hatalala. Kwa sababu gani? Kwa sababu nyumba ya msichana ni ya mkwe, hata kama mkwe mwenyewe hajafika. Siku akifika amkute mama mkwe ameshazoea kitanda, hiyo aibu ataiweka wapi?

Nanjala alicheka mbele yake. Tulipobaki wawili aliniuliza kwa sauti iliyokauka, "Sasa mimi nimenunua nyumba ya nani?"

Nisimwonee Mama. Alikuja huku akiwa msichana, yeye na Baba, kupalilia mahindi kwenye shamba la mtu upande wa Moiben. Baadaye wakamwingiza jikoni kwa tajiri, na ndiko alikojifunza mikate na keki. Tulizaliwa kambi ya wafanyakazi, na Baba alifia hapo. Siku hizi anapanga karibu na soko la Moiben, ana ng'ombe mmoja, na humsengenya kama anavyosengenya jirani. Maisha yake yote, ukimuuliza anakaa wapi, anataja jina la mtu mwingine. Kwa fulani. Kwa tajiri. Kwa landilodi. Labda mtu akizoea hivyo, hata nyumba ya mtoto wake lazima aitafutie mwenye nyumba, na akimkosa atamngojea.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya maombi ya kufungua nyumba. Mama alikuja jana Jumamosi kusaidia kutundika mapazia, na mpango wake ulikuwa huu: saa kumi apande gari la Moiben, akamue ng'ombe, alale kwake, kisha leo asubuhi arudi tena. Safari mbili kwenye matope ili asilalie kitanda kilichotandikwa kwa ajili yake. Nanjala hakubishana. Alitundika pazia la kile chumba, la maua ya zambarau kama Mama anavyopenda, akashuka kwenye kiti. Nilimwona akipitisha kiganja kwenye shuka iliyokuwa tayari imenyooka.

Mimi nilikuwa jikoni na keki ya maombi. Oveni mpya, ya gesi, inayotii. Nimeoka miaka mingi kwa sufuria iliyotandikwa mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama Mama alivyonifundisha, kwa hiyo kufungua kijimlango na kukuta keki imeumuka sawasawa pande zote kulinifanya niangalie huku na huku kama kuna mtu wa kunipongeza. Alikuwepo Mama tu. Aliiangalia keki, akasema haijaungua. Hiyo ni sifa kubwa, mnaomjua mnajua.

Kisha akafungua kabati na kuuliza kesho wageni watakunywa chai na nini. Nikamwonyesha keki. Akasema keki ni ya kukata na kupigwa picha, chai inataka mkate, na hakuna mgeni atakayekula mkate wa dukani katika nyumba ya kwanza ya mtoto wake. Akakunja mikono ya sweta. Akachota unga, akaweka hamira, sukari, maziwa ya uvuguvugu, akaanza kukanda kwa ule mtindo wake wa kusukuma kwa bega zima, kama anamgombeza mtu. Alipomaliza akalifunika donge kwa kitambaa, akaliweka mezani, akavaa koti lake tayari kwa safari.

Unga ukakataa.

Tunangoja, anafunua kitambaa, donge liko vile vile alivyoliacha. Anafunika, anapanga vikombe, anafunua tena. Baridi ilikuwa inaingia mpaka kwenye mifupa, na hamira haipendi baridi. Saa kumi ilikuwa inakaribia na Mama alikuwa anaangalia donge, anaangalia mlango.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimetoa keki muda si mrefu. Oveni ilikuwa bado na uvuguvugu mzuri kabisa. Kila mwokaji wa huku kwenye baridi anajua: ingiza bakuli humo, funga mlango, na baada ya muda mfupi unga umejaa. Angeoka, angepoza, na gari la Moiben angelipata. Nilichotakiwa kufanya ni kumwambia tu. Nilifungua mdomo.

Nikaufunga.

Halafu nikaufungua mlango wa oveni ili ipoe. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kufanya mambo nusu nusu, nikafungua na dirisha, nikinung'unika kuhusu joto la keki, siku ambayo hata paka wa jirani alikuwa anatetemeka kwenye ukuta. Nanjala aliniangalia, akaangalia dirisha, akageuka haraka kuosha kijiko kilichokuwa safi.

Mama alibonyeza donge kwa kidole. Akalibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, mpaka nikaogopa kwamba atalitupa.

"Hii unga imekataa kufura," akasema. "Itataka mpaka asubuhi. Na siwezi kuiacha na nyinyi, mtaiharibu."

Nanjala akasema kweli kabisa, yeye mambo ya mkate hayajui. Uongo mtupu, alianza kukanda kabla hajafika darasa la nne. Mama akavua koti. Akampigia jirani yake wa Moiben amkamulie ng'ombe, akamweleza kwa kirefu jinsi yule ng'ombe anavyopenda kuongeleshwa. Halafu akatuonya wote wawili kwamba halali kwa mtu, anachunga unga. Tukasema sawa Mama, unga ni kazi. Niliwaacha wakimenya viazi na nikarudi Langas nikitabasamu peke yangu juu ya pikipiki, dereva akidhani nimelewa.

Leo asubuhi nilifika mapema. Mikate ilikuwa imeshatoka, minne, ya kahawia, imefunikwa kitambaa. Mama alikuwa amevaa kanga ya nyumbani na viatu vya Nanjala vya plastiki. Nanjala alininong'oneza kwamba alilala fofofo hadi jogoo wa jirani, na kwamba alitoka chumbani akilalamika kuwa godoro ni laini mno. Mama mwenyewe alikuwa anakanda donge lingine kwa sababu ameona watu watakuwa wengi. Akamaliza. Akawasha oveni kidogo tu, akahesabu kimoyomoyo, akaizima, akaingiza bakuli ndani na kufunga mlango.

Nilisimama pale na mfuko wangu wa sukari ya kupambia keki.

Hakunigeukia. Alikuwa anafuta meza.

"Hata jana moto ulikuwa hapo," akasema. "Ulifikiri sikukuona ukifungua dirisha?"

Niliuweka chini mfuko wa sukari. Alijua. Alijua kabla yangu, si ndiye aliyenifundisha? Alikuwa amesimama mbele ya oveni yenye joto akingoja kuona kama nitamfukuza kwa ujuzi wangu, na nilipofungua dirisha akapata ruhusa yake. Alitaka kulala kwa binti yake. Alikosa tu mlango wa kupitia. Sijui kama nimewahi kumpenda Mama kama nilivyompenda akiwa ameinama pale anakwangua unga uliogandia mezani.

Maombi yalijaa watu. Walimu wenzake Nanjala, majirani, wanawake wa kanisa la Mama waliotoka Moiben wakiwa na maziwa na kuku. Mchungaji alisoma, tukaimba, kisha akaomba mwenye boma asimame aombewe. Nikasikia macho yote yakinijia. Mwanaume mkubwa wa familia, shati limepigwa pasi, amesimama karibu na keki. Hata mchungaji alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono upande wangu. Nilikaa chini nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Nanjala," Mama akasema. "Simama."

Akasimama. Mama naye akainuka, akaenda akasimama nyuma yake, akaweka kiganja mgongoni mwake, na hakukitoa mpaka amina ya mwisho. Dada yangu, ambaye huwaliza vijana wakubwa kwa aljebra, alilia hadi kamasi mbele ya mkuu wake wa shule. Na mimi nililia, niseme tu, ukurasa huu ni wangu.

Mkate uliisha kabla ya keki. Keki ilibaki nusu. Nimeumia kidogo kama fundi, lakini nitapona.

Jioni, wageni walipokuwa wameondoka, nilivaa koti na kumwambia Mama ajiandae nimpeleke stendi kabla giza halijaingia. Akaniuliza stendi kufanya nini. Nikamkumbusha ng'ombe. Akasema ng'ombe ameshaongea na jirani, wameelewana. Kisha akachukua mwavuli wa Nanjala na kunisindikiza, taratibu, akinionyesha njiani mahali atakapopanda mboga za sukuma na mahali maji ya mvua yanaposimama, kwamba pale patatakiwa kokoto.

Tulipofika getini akalifungua, akaningoja nitoke.

"Haya, wasalimie watu wa Langas," akasema. "Na siku nyingine ukija, usije kama umetumwa. Uje ukae."

Akafunga geti, likalia, na nikasikia komeo likiingia kwa ndani. Nilibaki kwenye manyunyu nikiwa mgeni aliyeagwa vizuri na wenyewe. Kesho kazini nitasimulia hadi wateja wasahau dawa waliyofuata. Sasa hivi Mama atakuwa amejifunika mpaka kichwani kwa Nanjala, usiku wa pili, na mezani hakuna unga wowote wa kuchunga.